CG125 ya zamani inasumbua? Sikiliza dalili kabla ya kushika spana

Ukipaki Honda CG125 iliyofufuliwa nje ya duka, hazipiti dakika kumi kabla mtu hajaja. Mzee atakuambia alizunguka vijiji vyote na moja kama hiyo enzi akiwa bwana shamba. Kijana wa bodaboda atainama aitazame injini, kisha aseme, "Kaka, hii si ndiyo ileile ya kwangu?" Na hajakosea. Honda walianza kuitoa CG125 mwaka 1976. Waliipa injini rahisi inayosukuma valvu kwa fimbo, ivumilie vumbi, mizigo na matunzo haba, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani kwetu zilinakili injini hiyo. Ndiyo maana unaweza kuikuta CG ya miaka ya themanini imelala nyuma ya ghala, na spea zake nyingi ukazipata kwa muuza spea wa bodaboda mtaani kwako.

Nimefufua yangu hapa Iringa, nimesaidia wenzangu kufufua zao, na maswali yanayonifikia ni yaleyale. Kilichonishangaza ni kwamba matatizo mengi ya pikipiki iliyotoka kufufuliwa hayatokani na uzee wake. Tumeyaleta sisi: rangi mpya iliyofunika mahali pa kufungia waya wa ethi, bomba la moshi lililokatwa, chujio la hewa lililotupwa, valvu zilizobanwa kwa kukisia. Kwa hiyo, kabla hujafungua injini, jiulize kitu gani kiliguswa mara ya mwisho. Anzia hapo.

Vipimo ninavyotaja ni vya CG125 ya Honda. Kama yako imefungwa injini ya nakala, au huna hakika, pima kwanza ndipo ununue spea.

Unapiga kiki mpaka unatoka jasho, haiwaki

Angalia vitu vya bure kwanza. Swichi ya kuzimia injini kwenye usukani iko wapi? Koki ya mafuta imefunguliwa? Nimeshaona watu wawili wakishusha kabureta huku koki imefungwa. Jaribu pia upande wa akiba, kwa sababu tundu la kawaida huziba kwa kutu ya tanki.

Kisha legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na ukinge kwa chupa. Petroli itiririke bila kukatika. Ikitoka kidogo ikakata, njia imeziba: koki, mpira wa mafuta, au sindano ya boya ndani ya kabureta. Ikitoka vizuri lakini inanuka kama vanishi, hiyo imelala muda mrefu. Imwage yote, weka mpya. Pikipiki iliyokaa miaka mingi karibu kila mara inakuwa na jeti ndogo iliyoziba, maana tundu lake ni jembamba sana. Ifungue, iloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, ipulize kwa upepo wa kompresa. Usichokonoe kwa pini ya chuma, utalipanua tundu na halitarudi kuwa dogo. Ukirudishia, skrubu ya hewa ifunge taratibu mpaka igote, halafu irudishe mzunguko mmoja na nusu. Hapo ni mahali pa kuanzia, utairekebisha injini ikishapata moto.

Mafuta yakifika na bado haiwaki, tazama cheche. Ng'oa plagi, irudishe kwenye kofia yake, laza mwili wake kwenye chuma cha silinda hedi, piga kiki. Iweke mbali na tundu la plagi na futa petroli yote iliyomwagika, kwa sababu mvuke unaotoka tunduni unashika moto mara moja. Unataka cheche ya bluu inayolia. Ikiwa nyekundu na dhaifu, anza na plagi mpya yenye nafasi ya milimita 0.6 hadi 0.7. Halafu kofia ya plagi: inafunguka kwa kuzungusha, kata milimita chache za waya uliochakaa, ifunge tena. Kazi hiyo ya dakika mbili imewasha pikipiki nyingi zilizokwisha kukatiwa tamaa.

Cheche isipokuwepo kabisa, inategemea umri wa pikipiki. CG za mwanzo zina pointi, yaani vishikizo viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche. Zisafishe kwa karatasi ngumu safi, pima nafasi yake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Za baadaye zina CDI, kiboksi cha kielektroniki kinachoamuru cheche. Hapa usibahatishe, kwa sababu kuna CDI za mkondo wa AC na za DC, na kuzichanganya kunaweza kuua kifaa kipya siku hiyohiyo. Azima moja inayofanya kazi kutoka pikipiki ya aina ileile, jaribu, ndipo ununue.

Mwisho kabisa ni pumzi ya injini. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako apige kiki. Upepo ukushinde nguvu. Ukiwa hafifu, tia kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda, piga kiki mara chache, pima tena. Pumzi ikiongezeka, ringi au silinda zimekwisha. Isipobadilika, valvu hazifungi vizuri. Kabla hujalia, pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, alama ya T ya kwenye sumaku ya injini ikiwa imelingana na alama ya kwenye mwili wa injini, na pistoni ikiwa juu kwenye mpigo wa kubana. Iwe milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutolea moshi. Valvu nyingi "mbovu" nilizoletewa zilikuwa zimebanwa tu.

*Acha hapo:* kama ni lazima kutoa sumaku ya injini na huna pula yake (kifaa cha kuing'olea), usiigonge kwa nyundo. Krenki ikipinda, umebadilisha tatizo la elfu kumi kuwa la laki kadhaa.

Inawaka vizuri asubuhi, ikipata moto inazima

Hii ndiyo inayotesa zaidi, kwa sababu inakuzimia njiani na ukifika kwa fundi imepoa, inawaka.

Sababu namba moja ni mfuniko wa tanki. Una tundu dogo la kuingiza hewa. Likizibwa na rangi, vumbi au mpira mpya usio wake, hewa haiingii tankini kujaza nafasi ya petroli iliyotoka, mpaka petroli inakwama. Ikizima, simama pembeni, fungua mfuniko usikilize. Ukisikia "fyuuu" na ikawaka palepale, umeshapata. Hakuna sigara wala moto karibu wakati wa jaribio hilo.

Ya pili ni valvu zilizobana. Chuma kikipata moto kinatanuka, na kama badala ya 0.08 ulikisia ukaacha nafasi ya 0.02, inaisha, valvu inabaki wazi kidogo na pumzi inapotea. Dalili yake ni kwamba ikiwa ya moto kiki inakuwa laini isivyo kawaida.

Ya tatu ni koili, au pikapu (kihisi kinachoiambia CDI wakati wa kutoa cheche), inayochoka kwa joto. Beba plagi mpya mfukoni. Ikizima, jaribu cheche palepale, usisubiri ipoe. Cheche ikikosekana ikiwa ya moto na ikarudi ikipoa, una jibu.

Barabara tambarare inakimbia, mlimani inakufa

Mtihani wetu huku ni mlima Kitonga. Unatoka Ruaha Mbuyuni, umepita kwenye mibuyu mikubwa na harufu ya vitunguu mabegani mwa barabara, halafu lami inaanza kupanda kwa kona kali na malori yanayotambaa kwa gea ya kwanza. Injini ya cc 124 haidai kupanda kwa mbio. Inadai kupanda bila kukwama, gea ya pili au ya tatu, ikinguruma kwa sauti moja. Siku yangu ya kwanza kuipandisha ile CG bila kusimama, nilifika Ilula nikanunua nyanya nisizozihitaji kwa furaha tu.

Yako ikishindwa, kwanza tofautisha mambo mawili. Je, injini inapandisha sauti huku mwendo hauongezeki? Hiyo ni klachi inateleza. Angalia kama waya wa klachi una nafasi ya kucheza mkononi. Ukikazwa mno, klachi haishiki. Kisha uliza ni oili gani imo ndani. Klachi ya CG inaoga kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za gari zina vitu vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Tafuta oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA kwenye kopo (daraja la oili zinazofaa klachi inayooga kwenye oili), takriban lita 1. Ukipima kwa kijiti, kiingize bila kukizungusha, usomee hapo. Baada ya hayo ndipo ufikirie kubadilisha sahani za klachi.

Kama sauti na mwendo vyote vinashuka pamoja, tazama hivi kwa mpangilio: chujio la hewa lililojaa vumbi, breki inayobana (inua gurudumu ulizungushe kwa mkono), cheni iliyokazwa kupita kiasi, kisha jeti kubwa ya kabureta.

Kuhusu jeti, nisikilize vizuri wewe uliyetupa boksi la chujio ukafunga kile kichujio cha duara kinachong'aa, na ukakata bomba la moshi. Umeongeza hewa, petroli imebaki ileile. Ng'oa plagi uitazame. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeupe kama chokaa inamaanisha injini inaungua kwa kukosa petroli, na mlima mrefu unaweza kutoboa pistoni. Nyeusi kavu ni petroli nyingi. Ukitaka muonekano ule, nunua jeti kubwa hatua moja moja, endesha, tazama plagi, rudia. Mimi nilirudisha boksi la Honda na bomba lenye kizuia kelele. Pikipiki inavuta vizuri chini, na asubuhi nikitoka siamshi watoto wa jirani.

Plagi ikiwa nyeupe na hujabadilisha kitu, shuku hewa inayoingia kati ya kabureta na hedi. Injini ikiwa inanguruma polepole, nyunyizia maji kidogo kwenye kiungo hicho. Mlio ukibadilika, oringi au gasketi imechoka. Wapo wanaonyunyizia petroli. Usithubutu, injini ina moto.

Inatoa moshi

Mweusi ni petroli nyingi: choki imebaki imefungwa, chujio limeziba, au boya halifungi na petroli inajaa kupita kiasi kwenye bakuli. Mweupe unaotoweka baada ya dakika chache asubuhi ya baridi, kama ya Mafinga mwezi Juni, ni unyevu tu. Wa bluu ni oili. Ukitoka unapowasha kisha ukapungua, ni sili za valvu. Ukitoka kila unapovuta mafuta, ni ringi na silinda.

*Acha hapo:* kukereza silinda ni kazi ya mwenye mashine na mikromita. Silinda ya CG ni milimita 56.5, na pistoni za kuzidisha hupanda kwa robo milimita. Mpelekee mkerezaji pistoni mpya mkononi, aipime hiyo, asikereze kwa kubahatisha. Ringi mpya kwenye silinda iliyolika ni pesa iliyotupwa.

Kelele

Mtu akikuambia CG yako inalia "cheni ya taimingi", mshukuru na utafute fundi mwingine. Injini hii haina cheni ya taimingi. Kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu, iko chini na inaendeshwa na gia. Kelele nyepesi ya "tik tik" juu ni valvu zenye nafasi kubwa, na rekebisho ni la nusu saa. Kelele ya kufoka penye bomba la moshi ni gasketi ya bomba hilo pale linapoingia kwenye hedi. Kelele ya kukwaruza chini ya kiti mara nyingi ni cheni ya nje: ilegee kama milimita 20, si zaidi sana. Na kama CG yako bado ina lile boksi linalofunika cheni yote, tafadhali usilitoe kwa ajili ya urembo. Vumbi la barabara zetu ni msasa, na boksi lile ndilo lililozifanya cheni za zamani zidumu.

Kitu kinachosahaulika ni kikombe cha kuchujia oili, nyuma ya mfuniko wa upande wa klachi. Kinazunguka na kukamata uchafu. Kwenye pikipiki iliyolala miaka, nimekikuta kimejaa tope jeusi gumu kama lami. Kisafishe kabla ya safari yoyote ndefu.

*Acha hapo, na uzime kabisa:* sauti nzito ya "gong gong" kutoka chini inayokua ukivuta mafuta ni beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Usiiendeshe hata kwenda gereji. Ibebwe.

Taa zinafifia, betri haijai, indiketa zimechanganyikiwa

Hapa ndipo marekebisho ya urembo yanapolipiza. Nilipeleka chasi yangu kupakwa rangi ya poda, ikarudi nzuri mno. Nikafunga kila kitu, na taa ya nyuma ikawaka hafifu, honi ikakohoa, indiketa zikawaka zote kwa pamoja. Nilihangaika siku mbili na waya. Kosa lilikuwa rangi. Umeme wa pikipiki unarudi kwenye betri kupitia chasi, na rangi ile ni kama plastiki. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae pale waya wa ethi unapofungwa, pale koili inapokaa, na kwenye bolti moja ya injini. Paka grisi kidogo baada ya kufunga ili kutu isianze.

Ukishahakikisha ethi, jua pikipiki yako ni ya volti ngapi. CG za mwanzo ni volti 6, za baadaye ni 12. Balbu ya 12 kwenye mfumo wa 6 itawaka kama mshumaa, na ya 6 kwenye mfumo wa 12 itakufa usiku huohuo. Kwenye mfumo wa 12, betri nzima iliyopumzika inasoma takriban volti 12.6. Washa injini, ongeza mwendo kidogo: mita isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, tazama plagi za waya zilizoungua, kisha rektifaya (inayogeuza umeme wa kuchaji uwe wa betri), kisha koili za kuchaji. Ikipita 15, rekuleta (inayodhibiti chaji) imekufa na betri itachemka, usiendelee kuendesha.

Indiketa za LED zikipepesa mbio mbio, hakuna kilichoharibika. Zinakula umeme kidogo na flasha ya zamani inadhani balbu imeungua. Badilisha flasha. Na taa zozote utakazoongeza, zipe fyuzi yake.

*Acha hapo:* waya unaonuka kuungua au fyuzi inayokatika kila ukiweka mpya ni kazi ya fundi umeme. Usizungushie karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi. Pikipiki zimeteketea hivyo. Na kabla ya kuchomelea chochote kwenye chasi, chomoa betri na CDI. Tanki lililowahi kuwa na petroli lisichomelewe na mtu asiye mzoefu wa matanki, hata kama limekauka mwaka mzima, kwa sababu mvuke uliobaki unalipuka. Kutu ya ndani unaweza kuiondoa mwenyewe kwa siki siku moja au mbili, kisha suuza kwa maji ya magadi, kausha haraka na ujaze petroli.

Inayumba, au breki hazishiki

Kuyumba anza na upepo wa matairi, kisha umri wake. Tairi lina namba nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa; tairi la miaka kumi na mitano, hata likiwa na kashata nzuri, ni gumu na halishiki lami yenye maji. Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo: inayolia "dup" badala ya "ting" imelegea. Inua gurudumu la mbele, shika foki uivute mbele na nyuma. Ikicheza, beringi za usukani. Nyuma, sukuma suingi amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma) kushoto na kulia. Ikicheza, bushi zimekwisha, na ni spea ya bei ndogo inayobadilisha pikipiki nzima.

Breki za ngoma zikiwa laini, rekebisha nati ya fimbo kwanza, kisha tazama mshale wa uchakavu kwenye bamba. Breki mpya zisizoshika mara nyingi zimeguswa na mikono ya grisi. Ukifungua ngoma ya zamani, usipulize vumbi lake kwa kompresa wala mdomo, maana linings za zamani zilikuwa na asbesto. Futa kwa kitambaa chenye maji.

*Acha hapo:* chasi iliyokatwa ili kushusha kiti, suingi amu iliyorefushwa, au ufa wowote karibu na shingo ya usukani. Hivyo akague mtu anayejua kuchomelea chasi, na mpaka aseme iko sawa, pikipiki ilale. Ukibadilisha injini au rangi, peleka taarifa zilingane na kadi ya usajili, usije ukazuiliwa na askari katikati ya safari uliyoingoja miezi.

Safari ya kwanza iwe fupi. Mimi nilienda Kalenga na kurudi saa kumi na mbili asubuhi, barabara tupu, ukungu bado umekaa kwenye mashamba, spana tatu na plagi moja chini ya kiti. Nyumbani nikaiacha ipoe, nikapitia kila nati na kila spoki. Nati mbili za injini zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Nikazikaza, na Jumamosi iliyofuata nikaelekea Kitonga.